Neno "Cut" la Kiingereza na Maana Zake Nyingi

Wasomaji wetu, leo twawaletea somo juu ya neno moja dogo la Kiingereza, lenye herufi tatu tu, ambalo mtoto wa shule hulijua mapema na mtu mzima hulikosea mpaka uzeeni. Neno lenyewe ni "cut". Matamshi yake ni karibu na "kat", na kwa sababu hiyo msomaji wa Kiswahili alisikiapo mara ya kwanza hufurahi, akasema moyoni mwake, "Hili nalijua, si letu hili? Ni kata." Basi hapo ndipo kosa lianzapo. Maneno haya mawili yamefanana sauti kwa bahati tu. Letu ni la Kibantu, na lao limekulia katika nchi nyingine kabisa. Kufanana kwao ni kama kufanana kwa watu wawili wasio na udugu: ukimdai mmoja deni la mwenzake, utaambulia ugomvi.

Wala hatusemi haya kwa kuchekesha. Tuchukue mfano. Tuseme karatasi imefika Kilambo, katika ukingo wa kaskazini wa mto Ruvuma, mahali ambapo wasafiri huvuka kwenda Msumbiji. Karatasi hiyo imeandikwa kwa Kiingereza na mtaalamu wa kilimo na misitu, nayo ina maagizo matatu mafupi: "Cut back the cashew trees. Do not cut down the mangroves. Cut down on firewood." Kijana aliyesoma anaitwa barazani aifasiri. Anasimama, anakohoa kidogo, anasoma kwa sauti: "Kateni mikorosho. Msikate mikoko. Kateni kuni."

Wazee wanatazamana. Mmoja auliza, "Mwanangu, umesoma vema? Tukate mikorosho?" Kijana ajibu, "Ndivyo ilivyoandikwa, mzee." Na kwa kweli, kwa macho yake ndivyo ilivyoandikwa.

Lakini maana ya karatasi ile ilikuwa hii: "Pogoeni mikorosho. Msiangushe mikoko. Punguzeni matumizi ya kuni." Tazameni basi madhara ya tafsiri ya kijana. Kwa agizo la kwanza, mwenye shamba aliloachiwa na baba yake aweza kuingia na shoka na kuangusha miti imlishayo, wakati aliambiwa aondoe matawi makavu na yaliyosongana tu. Kwa agizo la tatu atakwenda kuongeza mzigo wa kuni, hali aliambiwa aupunguze. Na kuni hizo, kama ni za pwani, huenda zikawa za mikoko ile ile aliyokatazwa katika agizo la pili. Neno ni moja, maagizo ni matatu, na mawili kati yake yamegeuka kinyume. Kwa hiyo twaona yafaa tulichunguze neno hili taratibu.

1. KWA NINI WAO WANA NENO MOJA NA SISI TUNA MENGI

Kiswahili, kama lugha nyingi za watu walimao na wavuao, hutazama kwanza kazi yenyewe. Mtu akisafisha pori ili apate shamba, twasema anafyeka. Akiondoa matawi, anapogoa. Akivunja gogo kuwa kuni, anachanja. Akitoa mbao katika gogo, anapasua. Akitengeneza mtumbwi, mpini au kinyago, anachonga. Akiua mbuzi kwa kisu, anachinja. Akipunguza nywele, ananyoa. Akitia alama ndogo ndogo katika ngozi, anachanja chale, kama walivyofanya wazee wa Kimakonde katika nyuso zao. Akiwatia wavulana jandoni, anatahiri. Akipanda mnazini apate tembo, anagema.

Katika kazi hizi zote makali hutumika, na katika karibu zote Mwingereza aweza kusema "cut" akaeleweka. Si kwamba lugha yake ni maskini. Anayo maneno ya kazi hizi moja moja, lakini mara nyingi huyaacha ghalani na kutoka na "cut" peke yake, kwa kuwa msikilizaji wake anaona kilichokatwa ni nini, na yaliyobaki huyajaza mwenyewe. Sisi hatuwezi kumfuata katika njia hiyo. Mwenye kumwambia mgeni, "Nenda kakate mbuzi," hajasema Kiswahili, ingawa kila neno lake ni la Kiswahili.

Historia ya neno lao nayo yafundisha. Katika Kiingereza cha kale kabisa "cut" halikuwa likiandikwa. Lilianza kuonekana katika maandishi karibu na mwisho wa karne ya 13. Kabla ya hapo, neno kubwa la kukata lilikuwa lile ambalo leo limekuwa "carve". "Cut" lilipoingia, lilienea upesi, likachukua kazi karibu zote, na "carve" likasukumwa kando, likabaki hasa kwa wachonga miti na mawe, na kwa wakata nyama mezani. Kwa hiyo mchongaji wa mpingo wa Kimakonde, kazi yake ikiandikwa kwa Kiingereza, huitwa kwa neno ambalo zamani lilikuwa baba wa makali yote.

Ng'ambo ya Ruvuma, kwa jirani zetu wa Msumbiji wasemao Kireno, neno ni "cortar". Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kufupisha. Basi kila lugha imefika kwenye makali kwa njia yake, wala hapana iliyo na ramani sawasawa na ya mwenzake.

2. NENO LISILOBADILIKA

Maneno mengi ya Kiingereza hubadilika umbo yakitaja wakati uliopita. "Cut" halibadiliki. Leo ni "cut", jana ni "cut", na hata likitanguliwa na neno la kuonyesha kwamba kazi imekwisha, ni "cut" vile vile. Jambo hili laonekana dogo, lakini katika shauri laweza kuwa kubwa.

Tuseme katika maandishi ya shahidi imeandikwa: "He cuts poles." Hapo pana herufi "s" mwishoni, na maana yake ni "Yeye hukata fito," yaani ndiyo desturi yake. Ikiwa imeandikwa "He cut poles," bila "s", maana yake ni "Alikata fito," yaani jambo lilikwisha kutendeka, pengine mara moja tu. Herufi moja yatenga mtu aliyeteleza siku moja na mtu afanyaye hivyo kila siku. Na ikiwa wanaotajwa ni wengi, "They cut poles," hakuna "s" ya kutusaidia. Maneno hayo yaweza kuwa "Hukata" au "Walikata", na mfasiri mwaminifu hana budi kuyatazama maneno yaliyotangulia na yanayofuata kabla ya kufungua kinywa. Akichagua kwa kubahatisha, amewahukumu watu kabla ya baraza.

Pana tofauti nyingine ambayo Kiswahili kinaionyesha vema. Sisi twasema "kamba imekatwa" ikiwa pana mtu aliyeikata, na "kamba imekatika" ikiwa imeachana yenyewe kwa uchakavu au kwa nguvu ya maji. Mwenye mashua aijua tofauti hiyo, maana lawama yote imo ndani yake. Kwa Kiingereza "the rope was cut" ni ile ya kwanza tu. Ile ya pili hawatumii "cut". Husema "the rope broke". Basi mvuvi akiandikiwa barua ya kudai malipo ya chombo chake kilichochukuliwa na mkondo, na mwandishi akaweka "cut" mahali pa "broke", amemtaja mkosaji ambaye hayupo.

3. VIJINENO VIFUATAVYO

Ugumu mkubwa wa neno hili haumo katika neno lenyewe. Umo katika vijineno vidogo vifuatavyo nyuma yake, kama kijana afuataye msafara akiwa ameshika ufunguo wa sanduku. Mfasiri asiyevitazama hafungui kitu.

"Cut down" ni kuangusha kitu kilichosimama, kama mti. Lakini likifuatwa na "on", likawa "cut down on", halina shoka tena. Maana yake ni kupunguza, kama kupunguza tumbako, chumvi, au kuni. Hili ndilo lililompotosha kijana wetu.

"Cut back" kwa mti ni kupogoa. Kwa matumizi ya fedha ni kupunguza.

"Cut off" ni kukata kitu kikatengana na chake, kama tawi na shina. Lakini kijiji kilichozingirwa na mafuriko, kisifikike kwa njia, nacho husemwa kuwa kime-"cut off". Hapo tuseme "kimetengwa" au "hakifikiki". Tusiseme "kijiji kimekatwa", wasikilizaji wasije wakadhani watu wameuawa. Hali hiyo si ngeni kwa wakaao katika mabonde ya Ruvuma wakati wa masika. Na tukumbuke kwamba ramani nayo hutenga. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kuwa mto huu uwe mpaka wao. Mwaka 1894 Wajerumani wakaitwaa Kionga, iliyo kusini ya mlango wa mto. Mwaka 1916 Wareno wakaichukua, na baada ya vita, mwaka 1919, wakathibitishiwa. Mpaka ulihama mara kwa mara juu ya karatasi, lakini Wamakonde wamebaki ng'ambo zote mbili. Mpaka huweza kukatwa, udugu haukatiki.

"Cut up" ni kukatakata vipande vipande, kama samaki au muhogo. Lakini mtu akisemwa kuwa "cut up" kwa ajili ya msiba, maana yake amehuzunika sana. Mwalimu akipata barua yenye maneno hayo juu ya rafiki yake, asikimbilie hospitali.

"Cut out" ni kukata na kutoa, kama fundi akatapo kitambaa cha kanzu. Lakini injini ya mashua ikisemwa kuwa "cut out", maana yake imezimika ghafula. Na mtu mzima akiwaambia watoto "Cut it out!", hawaambii wakate kitu; awaambia waache mchezo wao.

"Cut in" ni kudakia maneno ya mwenzako, au gari kujiingiza kwa nguvu mbele ya gari jingine.

"Cut across" ni kupita katikati, usifuate njia ya kuzunguka. Njia hiyo huitwa "short cut", na sisi twaiita njia ya mkato. Hapa lugha mbili zimekutana kwa amani.

4. "CUT" PASIPO MAKALI

Sasa tufike mahali ambapo hapana kisu wala panga, na neno lipo.

Mfanyabiashara aki-"cut the price", amepunguza bei. Mgao mtu aupatao katika biashara huitwa "his cut", yaani fungu lake. Kipande cha nyama ya paja au ubavu ni "a cut of meat". Mshono wa koti, jinsi linavyomkaa mtu, ni "the cut of the coat". Mtoto atorokaye darasani husemwa ame-"cut" somo. Mtu afanyaye kazi ovyo ili aimalize upesi husemwa ana-"cut corners". Dereva wetu akisikia hivyo hudhani amesifiwa kwa kukata kona vema, kumbe ameonywa.

Katika mshahara yapasa tuangalie sana. Kwa Kiswahili twaita "makato" fedha zinazotolewa katika malipo ya mtu kwa ajili ya kodi, akiba ya uzeeni, au deni. Mshahara wenyewe haujabadilika. Sehemu yake imekwenda mahali panapojulikana. Kiingereza cha makato hayo ni "deductions". Lakini "a pay cut" ni jambo jingine: mshahara wenyewe umeshushwa, na haurudi. Mkulima wa korosho auzaye kwa stakabadhi ghalani, utaratibu ulioanza Mtwara katika msimu wa mwaka 2007, aijua habari ya makato katika hesabu ya kila kilo. Akiambiwa "price cut", asidhani ni makato yale yale. Maana yake bei yenyewe imeshuka. Mtu asiyejua kama amekatwa au ameshushiwa hajui amlalamikie nani.

Katika kilimo pana neno "cuttings". Mtu huweza kudhani ni takataka zilizobaki baada ya kukata. Sivyo. Ni vipande vya shina vya kupanda. Muhogo hauoteshwi shambani kwa mbegu. Hupandwa kwa pingili, na pingili hizo ndizo "cuttings". Atakayesoma "Keep the cuttings" akatafsiri "Wekeni mabaki", atawafanya watu watupe au wachome mbegu ya mwaka ujao.

Tena kuna hili, nalo ni la kutahadhari. Kiingereza husema mtoto mchanga "is cutting a tooth". Maana yake ni kwamba jino linaota, linatoboa ufizi lenyewe. Hapana mtu akataye kitu. Sisi twasema mtoto anaota meno. Twalitaja jambo hili kwa sababu katika nchi yetu wako watu ambao, mtoto akiwa na homa au akihara, hudai kwamba ana "meno ya plastiki", wakampasua ufizi kwa kisu au chuma. Waganga wa hospitali wamelipinga jambo hilo, maana humletea mtoto damu nyingi na maradhi ya kuambukiza, na ugonjwa wake wenyewe hubaki bila dawa. Basi mama asije akasomewa kitabu cha malezi vibaya, akadhani Wazungu nao huagiza ufizi ukatwe.

5. "KATA" YETU ISIYO "CUT" YAO

Kosa hili lina upande wa pili. Kama vile "cut" yao haifasiriwi "kata" kila mahali, ndivyo "kata" yetu isivyofasiriwa "cut". Sisi twakata tamaa, twakata shauri, twakata rufaa, twakata kiu, twakata tiketi. Mtu anayekufa hukata roho. Katika hayo yote, mwanafunzi akiandika "cut", Mwingereza atashangaa. Kukata tamaa kwao ni kupoteza tumaini, kukata shauri ni kuamua, kukata kiu ni kuizima, na kukata tiketi ni kuinunua.

Tena yako maneno yenye sura ya "kata" yasiyo ya ukoo wake. "Mkataba" na "katiba" yametoka katika Kiarabu, katika shina lenye maana ya kuandika. Hayana kisu ndani yake. "Katani" nayo ni ya Kiarabu. Mwalimu akiwaambia wanafunzi kwamba mkataba umeitwa hivyo kwa sababu hukata maneno, atakuwa ametoa maelezo matamu yasiyo ya kweli. Twashauri kila shule iwe na kamusi. Frederick Johnson alitoa kamusi zake mwaka 1939 chini ya Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930, na tangu mwaka 1967 tunalo Baraza la Kiswahili la Taifa. Lakini kamusi nayo yataka kusomwa hadi mwisho wa mstari. Asomaye neno la kwanza tu akaifunga ni sawa na aliyeuliza njia akaondoka kabla ya kujibiwa.

6. TURUDI KWENYE MIKOKO

Tumesema agizo la pili la karatasi ile lilikuwa "Do not cut down the mangroves", na kijana alilifasiri "Msikate mikoko". Je, hapo hakukosea? Alikuwa karibu na ukweli, lakini hata hapo pana la kuuliza.

Kwa Kiingereza "mangroves" ni jina la miti yote ya maji chumvi. Kwetu "mikoko" hutumika hivyo pia, lakini wenyeji wa mlango wa Ruvuma wanajua kwamba mkoko wenyewe ni mmoja katika ndugu wengi: mko mkoko wenye mizizi iliyoinama kama matao, uko mkandaa, uko msinzi, uko mchu, uko mlilana, uko mkomafi. Miti hii haiko sawa mbele ya panga. Mchu ukikatwa huweza kuchipua tena kutoka katika kisiki. Mkoko wenyewe, shina lake likikatwa, hauchipui; umekufa. Kwa hiyo kitendo kile kile cha mkono mmoja, kwa mti huu ni kupogoa, na kwa mti ule ni kuua. Kiingereza kimefunika yote mawili kwa "cut". Kiswahili kinayo maneno ya kuyatenga, na aliye na maneno hayo asipoyatumia, kosa ni lake.

Wala mtu asijitetee kwa kusema, "Karatasi imekataza kuangusha tu, mimi naondoa magome," au "Mimi nafyeka nipate kiwanja cha chumvi." Misitu ya mikoko ya nchi yetu ni hifadhi ya serikali, nayo haivunwi pasipo kibali. Tena eneo la Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma limekuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 650 hivi, ndani yake mkiwa na bahari, visiwa, mikoko na vijiji vya watu. Samaki wadogo na kamba hulelewa katika mizizi ile, na ukingo wa pwani hushikwa nayo usimomonyoke. Mkoko mmoja uliokufa hausikiki. Mia wakifa, mvuvi husikia katika wavu wake.

Na tusisahau somo la miti ya nchi kavu. Mwaka 1947 ulianza mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu zake. Bandari ya kina ya Mtwara na reli vilijengwa kwa ajili yake. Mashine zilizoletwa ziliweza kuangusha miti, lakini kung'oa visiki na mizizi ilikuwa kazi nyingine, ngumu na ya gharama kubwa, nayo ni moja katika mambo yaliyowashinda. Mradi ukaachwa mwaka 1951. Mkulima yeyote wa Kimakonde au wa Kimwera angaliweza kuwaambia mapema kwamba kukata si kufyeka, na kufyeka si kung'oa.

7. MASWALI MATATU YA MFASIRI

Basi msomaji akikutana na neno "cut", ajiulize maswali haya kabla ya kusema lolote.

Kwanza: Je, pana makali? Kama hapana kisu, panga, shoka wala msumeno, karibu kila mara maana ni kupunguza, kuzima, kutenga, au kupita katikati.

Pili: Ni kijineno gani kinachofuata? Asisimame kwenye "cut". Asome mbele maneno mawili au matatu.

Tatu: Baada ya kazi hiyo kitabaki nini? Mti uliopogolewa umebaki hai. Mti ulioangushwa umebaki kisiki. Mshahara wenye makato umebaki vile vile katika kitabu, na mshahara ulioshushwa umebaki mdogo. Swali hili la tatu ndilo kubwa kuliko yote, maana ndilo litakaloulizwa na watu wa kijiji baadaye.

JARIBIO

Wasomaji wajaribu kufasiri sentensi hizi, wafunike majibu kwa kiganja.

"The road to Kilambo was cut off by the flood." "Who cut the net?" "The price was cut twice." "Plant the cuttings before the rain." "The engine cut out and we drifted."

Majibu: Njia ya kwenda Kilambo haikupitika kwa sababu ya mafuriko. Nani aliukata wavu? Bei ilipunguzwa mara mbili. Pandeni pingili kabla ya mvua. Injini ilizimika ghafula, tukachukuliwa na maji.

Aliyepata zote tano aweza kusimama barazani. Aliyepata tatu asome tena. Aliyetia "kata" katika zote aende kwanza kwa wazee wa shamba na wa chombo, awaulize majina ya kazi zao. Huko atajifunza Kiswahili ambacho hakimo katika vitabu vya shule, na bila hicho Kiingereza chake hakitawafaa watu.

Maana mwenye kusimama mbele ya watu na karatasi mkononi ameshika makali. Watu wamemwamini; hawawezi kuisoma wao wenyewe. Kule Kilambo mzee aliuliza, "Mwanangu, umesoma vema?" Hilo ni swali la heshima, na jibu la heshima si "Ndivyo ilivyoandikwa". Jibu la heshima ni, "Mzee, nipe muda niisome tena." Muda huo mdogo waweza kuokoa shamba zima la mikorosho.